Kioo cha Pembeni Si Kioo cha Kujitazamia

Wengi wetu hapa chuoni hatuna magari, lakini tunaoendesha si wachache. Kuna anayekabidhiwa gari la baba wikiendi, kuna anayemsaidia shangazi kupeleka watoto shule, na kuna wanaoendesha teksi za mtandao jioni ili kusogeza semista bumu linapochelewa. Wasioendesha kabisa wanapanda bodaboda. Kwa hiyo somo hili linatuhusu sote, aliye ndani ya gari na anayepita pembeni yake.

Somo lenyewe ni dogo: namna ya kubadilisha kioo cha pembeni cha gari, kile ambacho mafundi na madereva wengi wanakiita saiti mira, kikivunjika au kikiibwa. Kazi haizidi nusu saa na haihitaji gereji. Nimeshaifanya mara kadhaa kwa magari ya nyumbani na ya majirani, na naweza kusema ugumu haupo mikononi. Ugumu upo katika kuchagua kioo gani kirudi pale. Mtaani kuna msemo kwamba kioo ni kioo tu. Fundi mmoja aliwahi kuniambia hivyo akiwa ameshika kipande alichokikata kwenye kioo cha kabati: "Msomi, si unaona sura yako hapa? Basi kinaonyesha." Nikamjibu, "Kaka, sura yangu naiona. Ninayemtafuta ni bodaboda." Akacheka, lakini tofauti ya vioo hivyo viwili inapimika, na tutaipima hapa kwa fizikia ya sekondari.

Vioo viwili, kazi mbili

Kioo cha kujitazamia ni kioo bapa. Taswira yake ina ukubwa uleule wa kitu, na inaonekana iko nyuma ya kioo kwa umbali uleule ambao kitu kiko mbele yake. Ndiyo maana unaweza kunyolea ndevu bila kujikata.

Kioo cha pembeni cha magari mengi yanayokuja kwetu kutoka Japani ni kioo mbinuko. Kimetuna kidogo kuelekea nje, kama kipande kilichokatwa kwenye mpira mkubwa sana. Taswira yake ni wima na ndogo, na iko karibu tu nyuma ya kioo. Kinakupa eneo pana, na bei ya upana huo ni kwamba vitu vinaonekana vidogo, yaani vinaonekana viko mbali kuliko vilivyo.

Mbinuko huo una kanuni zake. Kanuni Namba 46 ya Umoja wa Mataifa kuhusu vifaa vya kumwezesha dereva kuona nyuma inataka vioo vya pembeni vya magari madogo visiwe na nusu kipenyo cha mbinuko chini ya milimita 1,200. Inataka pia, kwa kila upande, dereva aweze kuona ukanda wa barabara wenye upana wa mita 4 kuanzia mita 20 nyuma ya macho yake hadi upeo wa macho. Marekani wana utaratibu wao: upande wa dereva kioo kiwe bapa, na upande wa abiria kikiwa mbinuko, nusu kipenyo kiwe kati ya milimita 889 na 1,651, na kiandikwe onyo kwamba vitu vilivyo kwenye kioo viko karibu kuliko vinavyoonekana. Ukiwahi kuona maandishi hayo ya Kiingereza kwenye gari, hiyo ndiyo asili yake.

Japani nao walichelewa kuviruhusu vioo vya mlangoni. Hadi mwaka 1983 magari yao yalitakiwa kuwa na vioo juu ya mabawa ya mbele, karibu na taa. Vioo vile vilikuwa mbali sana na dereva, ila aliviona bila kugeuza shingo. Kila nchi imejibu kwa namna yake swali lilelile: dereva aliyeketi upande mmoja wa gari ataonaje kinachotokea upande wa pili?

Tupige hesabu

Sisi tunaendesha kushoto, usukani uko kulia. Kwa hiyo kioo cha kulia kiko karibu na jicho la dereva, na cha kushoto kiko mbali. Kwa gari dogo, tuchukue kwamba kioo cha kulia kiko sentimita 70 kutoka jichoni na cha kushoto kiko mita 1.3. Upana wa kioo unaotazamana na dereva tuuweke sentimita 15. Haya ni makadirio, kwa sababu kioo hukaa kwa mshazari na magari hayafanani, lakini yanatosha kuonyesha jambo.

Tuanze na kioo bapa upande wa kushoto. Pembe inayoonekana ni upana wa kioo ugawanywe kwa umbali wa jicho: 0.15 kwa 1.3, ambayo ni kama digrii 6.6. Weka kioo mbinuko chenye nusu kipenyo cha mita 1.2 mahali palepale. Mbinuko unaongeza mara mbili ya upana wa kioo ugawanywe kwa nusu kipenyo, yaani mara mbili ya 0.15 kwa 1.2, ambayo ni digrii 14 na kidogo. Jumla inakuwa kama digrii 21. Kioo kina ukubwa uleule, kiko mahali palepale, na kinaona mara tatu zaidi.

Sasa tugeuze digrii ziwe mita za barabara, tukipima nyuma kuanzia pale kioo kilipo:

Mita 3 nyuma, karibu na bampa la nyuma la gari dogo: kioo bapa kinaona upana wa nusu mita, kioo mbinuko kinaona mita 1.25.

Mita 10 nyuma: kioo bapa mita 1.3, kioo mbinuko mita 3.8.

Mita 20 nyuma: kioo bapa mita 2.5, kioo mbinuko mita 7.5.

Angalia mstari wa mwisho. Kanuni Namba 46 inataka mita 4. Kioo bapa cha ukubwa huu upande wa kushoto hakifiki. Ukirudia hesabu kwa kioo cha kulia kilicho sentimita 70 tu kutoka jichoni, kioo bapa kinatoa mita 4.4 kwa umbali huohuo. Hapo ndipo unapoona kwa nini Wamarekani wanaweza kukubali kioo bapa upande wa dereva, na kwa nini upande wa abiria ni hadithi nyingine. Kwetu upande wa abiria ndio wa kushoto, na kushoto ndiko kwenye mtaro, kituo cha daladala na njia ya bodaboda.

Sekunde moja

Chukua hali tunayoijua sote. Foleni ya Barabara ya Sam Nujoma imesimama, halafu inaanza kusogea taratibu. Dereva anataka kuingia kushoto. Bodaboda amebeba abiria, anapita kati ya magari na ukingo wa barabara, mita 1 kutoka ubavuni mwa gari. Anakwenda kasi kuliko gari kwa kilomita 18 kwa saa, ambayo ni mita 5 kwa sekunde. Si mwendo wa kichaa huo, ni mwendo wa kila siku.

Kwenye kioo bapa bodaboda huyu anatoka machoni pa dereva akiwa mita 7.4 nyuma ya kioo. Kwenye kioo mbinuko anabaki kuonekana mpaka mita 2.3, yaani mpaka awe karibu na mlango wa nyuma, ambako dereva akigeuza shingo kidogo atamwona kwa macho kupitia dirishani. Tofauti ni mita 5.1. Kwa mwendo wa mita 5 kwa sekunde, hiyo ni sekunde moja.

Katika sekunde hiyo bodaboda yupo barabarani lakini kwenye kioo hayupo. Dereva ametazama, ameona barabara nyeupe, amewasha indiketa na kukata kona. Akiulizwa baadaye ataapa kwamba alitazama, na hatakuwa anadanganya. Kioo ndicho kilichomnyima habari. Na aliyekaa nyuma ya ile pikipiki mara nyingi ni mmoja wetu, begi mgongoni, anawahi kipindi cha saa mbili.

Ndiyo maana nasema uchaguzi wa kioo si suala la urembo wa gari. Anayeokoa hela ni mwenye gari, lakini anayelipa pengo la ile sekunde ni mtu mwingine kabisa, ambaye hakuwepo dukani na hakuulizwa.

Upande wa pili wa shilingi

Kioo mbinuko nacho kina udhaifu, na ni haki kuutaja. Chukua bodaboda aliye mita 12 nyuma ya kioo, mwenye kimo cha mita 1.8 akiwa juu ya pikipiki yake. Umbali wa fokasi wa kioo chenye nusu kipenyo cha mita 1.2 ni mita 0.6. Ukiweka namba kwenye kanuni ya kioo, taswira inatokea sentimita 57 nyuma ya kioo, na kimo chake ni sentimita 8.6 tu. Kwa dereva aliye mita 1.3 kutoka kwenye kioo, bodaboda huyo anaonekana na ukubwa wa theluthi moja ya ambavyo angeonekana kwenye kioo bapa. Ubongo uliozoea vioo bapa utamkadiria kuwa yuko mbali kama mita 39. Kumbe yuko 12!

Kwenye kioo cha kulia, kwa sababu jicho liko karibu, udanganyifu unapungua: ukubwa unakuwa karibu nusu. Kwa hiyo vioo viwili vya gari moja, hata vikiwa na mbinuko mmoja, havikupi umbali kwa kipimo kimoja.

Kanuni ya kutembea nayo ni hii: kioo cha pembeni kinajibu swali "kuna mtu?", na kioo cha ndani, ambacho kwa kawaida ni bapa, kinajibu swali "yuko umbali gani?". Anayepima umbali kwa kioo cha pembeni peke yake anajidanganya. Anayetafuta watu kwa kioo cha ndani peke yake hawaoni walio ubavuni. Tumia vyote viwili, kisha geuza shingo.

Kupima kioo kwa rula

Unapokwenda kununua, huhitaji maabara. Beba rula iliyonyooka. Ilaze ubavu wake juu ya uso wa kioo, katikati, kwa mlalo. Kama kioo ni bapa, rula itagusa kote. Kama ni mbinuko, itagusa katikati na ncha zote mbili zitaachia nafasi. Shikilia rula isielemee upande mmoja, ili nafasi za ncha zilingane, halafu ipime nafasi hiyo.

Hesabu yake: zidisha urefu wa kioo ulioupima kwa urefu huohuo, gawanya kwa mara 8 ya nafasi uliyoiona. Jibu ni nusu kipenyo. Mfano, kioo chenye urefu wa milimita 160 chenye nafasi ya milimita 2.7 kila ncha: 25,600 gawanya kwa 21.6, unapata kama milimita 1,185. Nafasi ikiwa milimita 2, nusu kipenyo ni 1,600, mbinuko mpole zaidi. Ikiwa milimita 5, ni 640, kioo kimetuna mno na kitawafanya watu waonekane wadogo kama sisimizi.

Usitarajie usahihi wa sehemu ya milimita kwa rula ya duka la vifaa vya shule. Unachotafuta ni mambo mawili: kwanza, kwamba kioo si bapa, pili, kwamba kinakaribiana na kile cha asili. Ukibaki na kipande kikubwa cha kioo kilichovunjika, kipime nacho. Vinginevyo angalia taswira: tazama nguzo ya umeme iliyo mbali kwenye kioo kipya, kisha itazame kwenye kioo bapa cha kawaida. Kama nguzo zina ukubwa mmoja, rudisha kioo dukani.

Dukani: cha kuuliza na cha kukataa

Ukienda Gerezani au kwenye maduka ya spea ya Ilala, nenda na kadi ya gari au namba ya chesisi. Jina la gari halitoshi, kwa kuwa gari la jina moja lina matoleo, na klipu za nyuma ya kioo hubadilika toleo kwa toleo. Taja upande, kushoto au kulia, ukiwa umekaa kwenye kiti cha dereva. Sema kama kioo kinarekebishwa kwa swichi ya umeme au kwa kusukuma kwa kidole. Angalia pia kama kile cha zamani kilikuwa na nyaya mbili nyembamba nyuma yake. Hizo ni za kupasha kioo joto ili kiondoe ukungu. Kwa joto la Dar es Salaam si lazima, lakini kwa anayeendesha alfajiri ya Mbeya au Njombe zina kazi.

Omba kioo kilichokuja na kibao chake cha plastiki nyuma. Kibao ndicho chenye klipu zinazoshika kwenye mota. Kioo kitupu cha kubandika kinafaa pale tu ambapo kibao chako bado ni kizima.

Sasa suala la vioo vya wizi. Mjini wenye magari wengi wanachora namba ya gari kwenye vioo na taa ili visiuzike. Ukiuziwa kioo chenye namba ya gari ya mtu mwingine, au chenye mikwaruzo mipya mahali ambapo namba ingekaa, achana nacho. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inatambua kupokea mali ya wizi kuwa kosa, na "nilikuta bei nzuri" si utetezi mbele ya hakimu. Kuna hoja nyingine pia, ya kawaida kabisa: leo unanunua cha jirani, kesho jirani ananunua chako. Klipu zilezile zinazokurahisishia wewe kubadilisha kioo kwa dakika chache ndizo zinazomrahisishia mwizi kukichomoa kwenye foleni. Soko likikauka, vidole vitapumzika. Dai risiti.

Kubadilisha, hatua kwa hatua

Vifaa: glavu ngumu, miwani ya kukinga macho, selotepu pana, taulo, bisibisi bapa iliyofungwa kitambaa nchani (au kijiko cha plastiki kigumu), na maji ya vuguvugu au draya ya nywele kama plastiki imekakamaa.

Kwanza, zima gari na uchomoe ufunguo. Kama kioo kimepasuka lakini bado kipo, kibandike selotepu pana, mistari ya wima na ya mlalo, mpaka kifunikwe chote. Kioo hiki kwa kawaida hakivunjiki kuwa punje kama kioo cha dirisha la mlango. Kinatoa vipande virefu vyenye makali. Selotepu inavishika viwe kitu kimoja.

Pili, sukuma ukingo wa kioo ulio karibu na gari uingie ndani, taratibu, mpaka ukingo wa nje uchomoze. Utaona nafasi kati ya kioo na kava. Kama plastiki ni ngumu, ipashe joto kidogo. Usitumie maji yanayochemka, kwani kioo baridi kikipata joto la ghafla kinapasuka, na mkono wako upo hapohapo.

Tatu, ingiza bisibisi nyuma ya kibao, si nyuma ya kioo chenyewe. Inua kidogo, hamia sehemu nyingine, inua tena. Klipu zitaachia moja moja kwa mlio wa "tak". Weka taulo chini ya kava kabla ya kuanza ili kikidondoka kisikwaruze mlango.

Nne, kikitoka kishike, usikivute kwa nguvu. Kama kuna nyaya mbili za kupasha joto, zichomoe kwa kushika vichwa vyake vya chuma. Ukivuta waya utaukata.

Tano, angalia ndani. Safisha vumbi na vipande vya kioo kwa brashi. Tazama mota na mahali klipu zinapokaa. Kama sehemu ya mota imevunjika, kioo kipya hakitashika, na hapo kazi inakuwa ya fundi umeme wa magari au ya kubadilisha saiti mira nzima.

Sita, rudisha nyaya kwenye kioo kipya. Linganisha klipu za kibao na duara la mota kabla ya kusukuma chochote. Kunja taulo, liweke katikati ya kioo, kisha sukuma kwa viganja viwili vilivyotandazwa. Nguvu iende katikati penye klipu. Ukisukuma pembeni kioo kitapasuka. Utasikia mlio uleule wa "tak" ukirudi.

Saba, jaribu swichi. Kioo kiende juu, chini, kushoto na kulia bila kugusa kava. Kisha jaribu kukitingisha kwa kidole. Kikicheza, klipu moja haijaingia.

Kwa anayebandika kioo kitupu juu ya kibao chake, mambo matatu. Ondoa kioo cha zamani chote na gundi yake, kisha safisha kibao kwa spiriti. Ukibandika juu ya kioo kilichopasuka, kipya kitakaa mshazari na kitapasuka kwa kufuata nyufa za chini. Usitumie gundi za kukauka papo hapo, kwa sababu zikikauka zinakuwa ngumu na mtikisiko wa barabara unaziachanisha. Tumia tepu ya sponji yenye gundi pande mbili au silikoni isiyo na asidi. Silikoni ikinuka siki ina asidi, na asidi hiyo inakula utando wa metali wa kioo mpaka kinaota madoa. Acha kikauke saa 24 kabla ya kuendesha.

Vipande vya zamani vifunge kwenye magazeti, uviweke kwenye boksi, uandike nje KIOO. Hapa chuoni kuna watu wanaochambua taka zetu kwa mikono mitupu. Nao wapo pembeni ya gari lako, kwa namna yao.

Kuweka sawa, kisha kupima kwa miguu

Kaa kama unavyokaa unapoendesha. Rekebisha kioo mpaka mstari wa upeo uwe karibu katikati, na ubavu wa gari lako uonekane kama uzi mwembamba ukingoni. Wengi wanajaza nusu ya kioo kwa milango ya gari lao wenyewe. Milango hiyo haiendi popote, haina haja ya kulindwa kwa macho.

Kisha mwombe rafiki atembee kutoka nyuma ya gari, kushoto, mita 1 kutoka ubavuni, gari likiwa limesimama mahali salama na limezimwa. Mwambie asimame pale anapopotea kwenye kioo. Bila kusogeza mwili, geuza shingo utazame dirishani. Je, unamwona? Kama humwoni kwenye kioo wala dirishani, umegundua eneo lako kipofu, na sasa unajua lina hatua ngapi. Mkiwa na gari lenye kioo bapa na lingine lenye kioo mbinuko, fanyeni jaribio kwa yote mawili na mhesabu hatua. Namba zenu hazitalingana na zangu moja kwa moja, lakini zitaelekea upande uleule.

Jipime

1. Umelaza rula kwenye kioo chenye urefu wa milimita 180, ukaona nafasi ya milimita 3 kila ncha. Nusu kipenyo ni kipi? Je, kinakidhi kiwango cha milimita 1,200?

2. Kwa vipimo vya makala hii, bodaboda anapita mita 1.5 kutoka ubavuni mwa gari, upande wa kushoto. Atapotea akiwa umbali gani nyuma ya kioo bapa? Na kioo mbinuko? (Upana unaoonekana ni mita 0.15 ukijumlisha umbali mara 0.115 kwa kioo bapa, au mara 0.365 kwa kioo mbinuko.)

3. Kujadili na mwenzako: mwenye gari akijua kwamba kioo chake cha kushoto ni bapa na akaendelea kuendesha, ajali ikitokea katika ile sekunde moja, je, inatosha yeye kusema "nilitazama"?

Majibu: swali la 1, milimita 1,350, kinakidhi, swali la 2, kama mita 11.7 na mita 3.7. Swali la 3 jibuni wenyewe, na ikiwezekana lijibuni mkiwa na mtu anayeendesha bodaboda.